Tairi likipasuka barabarani: nani hujibu kisheria, na kwa njia ipi

Katika taarifa nyingi za ajali zinazotokea kwenye barabara zinazokutana Dodoma, iwe ile ya Morogoro inayopita Kibaigwa na Gairo, ile ya Singida inayopita Bahi na Manyoni, au ile ya Iringa inayopita Mtera, kuna sentensi moja fupi inayofunga mjadala kabla haujaanza: chanzo cha ajali ni tairi kupasuka. Wafiwa huipokea sentensi hiyo kama kazi ya Mungu, majeruhi huuguza majeraha yao, na mabaki ya tairi hubaki porini au huishia kwa fundi wa katambuga. Kisheria, hata hivyo, sentensi hiyo haijajibu kitu. Tairi hupasuka kwa sababu, na sababu hiyo mara nyingi ina mwenyewe: aliyelitengeneza, aliyeliagiza kutoka nje, aliyeliuza, aliyelifunga, aliyelipakia mzigo kupita kiasi, au aliyeliendesha bila upepo wa kutosha. Kumtambua huyo ndiyo kazi yenyewe, na ni kazi inayowezekana ikiwa hatua za siku za kwanza hazikukosewa.

Tuchukue mfano wa kubuni, ingawa si mgeni kwa mtu wa huku. Fuso iliyobeba magunia ya alizeti inatoka Manyoni kuja Dodoma. Miezi miwili kabla ya safari hiyo, mwenye gari alinunua matairi mawili mapya ya mbele katika duka la mjini. Baada ya kupita Bahi, tairi la mbele la kulia linapasuka, gari linavutwa kulia, linampiga dereva wa bodaboda anayekuja upande wa pili, kisha linalala mtaroni. Utingo anafariki papo hapo, dereva wa bodaboda anavunjika mguu, mwenye gari anapoteza gari na mzigo, na dereva wake anapelekwa kituo cha polisi. Watu wanne wameumizwa na tairi moja, na kila mmoja ana njia yake ya kudai au ya kujitetea. Kosa ninaloliona likirudiwa ni la kudhani kwamba njia ya mmoja wao inamfaa na mwenzake.

Mwenye gari ndiye mwenye njia iliyonyooka kuliko wote, kwa sababu yeye ana mkataba. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaingiza katika mauzo sharti ambalo halihitaji kuandikwa popote: mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina hiyo anahesabiwa kuwa ameahidi kwamba bidhaa hiyo ina ubora unaoifanya istahili kuuzwa, na kwamba inafaa kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza. Ukiingia dukani na kusema unataka tairi la Fuso ya mizigo, ukapewa tairi ambalo tabaka zake za ndani hazikushikana, sharti hilo limevunjwa. Uzito wa njia hii uko hapa: mnunuzi hahitaji kuthibitisha kwamba muuzaji alikuwa mzembe. Muuzaji anaweza kuwa mtu mwangalifu, aliyelipokea tairi likiwa zima kwa macho na kulikabidhi vilevile, na bado akawajibika, kwa kuwa ahadi ya sheria inahusu bidhaa yenyewe na haihusu tabia yake. Yeye naye atamgeukia aliyemuuzia, na anaweza kuiomba mahakama imwingize mtu huyo katika kesi hiyohiyo.

Wengi hukata tamaa wanaposoma chini ya risiti maneno kwamba bidhaa ikishauzwa haipokelewi tena. Maneno hayo yanaweza kumzuia mtu aliyebadili mawazo baada ya kununua. Hayatoshi kumvua muuzaji wajibu wa kuuza bidhaa isiyo hatari. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, imeweka masharti yanayomlinda mlaji katika mikataba yake na wafanyabiashara, pamoja na wajibu wa watengenezaji na usalama wa bidhaa. Jambo la kushikilia ni risiti ya EFD, yaani ile ya mashine ya kodi. Risiti hiyo ina jina la muuzaji, namba yake ya mlipakodi na tarehe, na bila hiyo muuzaji anaweza kusema tairi hilo halikutoka dukani kwake. Anayekubali kuuziwa kwa bei ya chini ili asiandikiwe risiti ameuza pia haki yake.

Dereva wa bodaboda hakununua tairi lolote, na kwa hiyo mkataba haumhusu. Njia yake ni madai ya uzembe. Hapa sheria yetu inaazima kutoka mbali: Sheria ya Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, inaziruhusu mahakama za Tanzania kutumia kanuni za sheria ya mapokeo ya Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri zinavyofaa mazingira ya hapa, na maamuzi ya baadaye ya mahakama za huko husomwa kama ushauri wenye uzito. Ndiyo maana mawakili wetu bado wanaizungumzia kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson, iliyoamuliwa mwaka 1932. Mwanamke mmoja wa Scotland alinunuliwa kinywaji na rafiki yake katika mgahawa mjini Paisley. Chupa ilikuwa nyeusi, haionyeshi ndani, na alidai kwamba mabaki ya konokono yalitoka humo baada ya yeye kunywa. Hakuwa na mkataba na mtu yeyote, kwa kuwa aliyelipa alikuwa rafiki yake. Majaji waliamua kwamba mtengenezaji anayetoa bidhaa kwa namna ambayo mtumiaji wa mwisho hataweza kuichunguza ndani ana wajibu wa uangalifu kwa mtumiaji huyo moja kwa moja.

Tairi linafanana sana na chupa ile. Ndani ya tairi la gari kubwa kuna tabaka za nyuzi na mikanda ya waya wa chuma zilizopikwa pamoja na mpira. Zikiwa hazikushikana vizuri kiwandani, kwa sababu ya uchafu, unyevu au mpira mchache kati ya mikanda, hakuna fundi wala muuzaji atakayeliona hilo kwa jicho. Joto la mwendo na la lami hulegeza kilicholegea, na siku moja gamba lote hubanduka. Hata hivyo, hoja hiyo ina mpaka wake. Ikiwa tairi lilikuwa na uvimbe ubavuni kabla ya safari, au kashata, yaani meno ya tairi yanayokanyaga barabara, zilikuwa zimekwisha hadi kuonekana waya, mtengenezaji atasema, na atakuwa na haki, kwamba dosari hiyo ilionekana na kwamba aliyeendelea kulitumia ndiye aliyeleta ajali.

Mwenye gari pia anaweza kushtakiwa na dereva wa bodaboda, na hapo ndipo sentensi ya tairi kupasuka hutumiwa kama ngao. Mahakama ya juu kabisa ya rufaa ya Uingereza iliipima ngao hiyo mwaka 1950 katika kesi ya Barkway dhidi ya kampuni ya mabasi ya South Wales Transport. Basi lilipasuka tairi, likavuka barabara na kuporomoka, abiria wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba tairi lilikuwa limevunjika ndani kwa sababu ya kugongwa siku za nyuma, jambo ambalo halikuonekana kwa nje. Kampuni iliwajibika hata hivyo, kwa sababu haikuwa na utaratibu wa kuwataka madereva watoe taarifa kila tairi linapopata pigo zito. Kwa lugha ya barabara zetu: dereva aliyedumbukia shimoni kwa kishindo akanyamaza, na tajiri asiyemuuliza, hawawezi kusimama baadaye na kusema kwamba hakuna aliyejua. Anayetaka kujinasua anatakiwa aeleze alilinunua tairi wapi, alilikagua lini, alijaza upepo kiasi gani na mzigo ulikuwa kilo ngapi.

Sasa tufike kwenye fundo lenyewe, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalowaumiza watu wengi kimyakimya. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inalazimisha kila gari liwe na bima ya kumkinga mtu wa tatu dhidi ya kifo na majeraha, na majeruhi wengi hudhani bima hiyo hulipa kila anayegongwa. Sivyo inavyofanya kazi. Bima hulipa dhima ya mwenye gari, yaani kile anachowajibika kisheria kulipa. Kwa kawaida majeruhi hupata kwanza hukumu dhidi ya mwenye gari ndipo kampuni ya bima iwajibike kuilipa. Mwenye gari akithibitisha kwamba hakuwa mzembe hata kidogo, na kwamba tairi lilitoka kiwandani likiwa bovu, hakuna dhima ya kulipwa na bima, na majeruhi hubaki mikono mitupu kwa sababu alimshtaki mtu mmoja tu. Dawa yake ipo katika kanuni za mwenendo wa mashauri ya madai: mdai asiye na hakika ni nani kati ya watu wawili au watatu aliyemdhuru anaruhusiwa kuwaunganisha wote katika kesi moja na kuiachia mahakama iamue. Mwenye gari, muuzaji na mwagizaji wa tairi wakikaa benchi moja, kila anayemtupia lawama mwenzake anamsaidia majeruhi. Wakishtakiwa mmoja mmoja kwa nyakati tofauti, kila mmoja atamnyooshea kidole yule asiyekuwepo.

Familia ya utingo ina milango miwili. Utingo alikufa akiwa kazini, kwa hiyo wategemezi wake wana haki ya kwenda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao haudai uthibitisho wa uzembe wa mtu yeyote. Unachotaka kujua ni kama kifo kilitokana na kazi. Kwamba tajiri alikuwa anampa posho ya siku bila mkataba wa maandishi hakumfanyi asiwe mfanyakazi, na familia isikubali kurudishwa nyumbani kwa hoja hiyo peke yake. Mlango wa pili ni sheria inayohusu vifo vya ajali, Sura ya 310, inayowaruhusu mwenzi wa ndoa, wazazi na watoto wa marehemu kudai fidia kwa aliyesababisha kifo. Kwa kawaida madai haya hufunguliwa na msimamizi wa mirathi, na kwa sababu hiyo safari ya familia nyingi huanzia Mahakama ya Mwanzo, kwenye kuomba usimamizi, wiki chache tu baada ya matanga.

Dereva, kwa upande wake, anaweza kushtakiwa kwa jinai chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168. Ubovu wa tairi ambao hangeweza kuujua ni utetezi wa kweli. Akiachiwa huru, kuachiwa huko hakufungi mlango wa madai, kwa kuwa kesi ya jinai hutaka uthibitisho usioacha shaka ya maana, ilhali kesi ya madai hutosheka na mizani kuelemea upande mmoja.

Yote yaliyosemwa hadi hapa yanategemea kitu kimoja, ambacho ni tairi lenyewe. Anayedai ndiye anayethibitisha, na hakuna maelezo ya shahidi yatakayochukua nafasi ya vipande vile vya mpira na waya. Fundi mmoja mzee wa Kizota aliwahi kunionyesha somo hili kwa dakika kumi. Alilifungua tairi lililokufa, akaniingiza kidole ndani ya ubavu wake, na kidole kikapita kwenye mstari mmoja uliozunguka tairi zima kama kovu la kamba, mpira ukiwa umekwanguka na kugeuka unga mweusi. Tairi hilo, alisema, liliendeshwa bila upepo wa kutosha hadi ubavu ukajikunja na kujichoma. Kisha akachukua lingine lililokuwa na mpasuko wa umbo la nyota kwa ndani: hilo liligonga shimo au jiwe. La tatu lilibanduka gamba, na pale mikanda ya waya ilipoachana palikuwa laini na panang'aa, ishara kwamba tabaka hizo zilikuwa zimeanza kusuguana muda mrefu kabla ya siku ya kupasuka. Kovu la kwanza linamfunga mwenye gari. La tatu linaweza kumfunga mtengenezaji, ila waya zikiwa na kutu karibu na tundu la msumari wa zamani, maji yaliyoingia kwa pancha isiyozibwa vizuri yatabeba lawama. Mtu asiyeona tofauti hizi hawezi kujua amshtaki nani, na aliyelitupa tairi hataijua kamwe.

Kwa hiyo tairi litafutwe siku hiyohiyo, pamoja na vipande vilivyotawanyika nyuma kando ya barabara, kwa kuwa gamba lililobanduka huweza kuanguka mbali na gari liliposimama. Ringi na vali vihifadhiwe vilevile, na matairi mengine ya gari yasiguswe, kwa sababu yakiwa na upepo sahihi na kashata nzuri yanaonyesha kwamba mwenye gari alikuwa mtunzaji. Picha zipigwe kabla ya kitu kuhamishwa. Ubavuni mwa tairi yasomwe maandishi yote, hasa tarakimu nne zilizo mwisho wa namba inayoanza na herufi DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililouzwa kama jipya likiwa na umri wa miaka saba, yote hiyo likiwa limepangwa nje ya duka juani, lina hadithi ya kumsimulia hakimu. Yasomwe pia maandishi ya uwezo: tairi lenye 122/118 L linabeba kilo 1,500 likifungwa peke yake, kilo 1,320 likifungwa pacha, na mwendo wake wa juu ni kilomita 120 kwa saa. Upande wa pili utadai kwamba gari lilizidishiwa mzigo, na jibu bora ni karatasi ya mizani, ikiwa gari lilipita kwenye mizani ya barabarani siku hiyo, dereva aitunze.

Mabaki ya gari hukaa kwenye yadi ya polisi, na hapo ndipo ushahidi hupotea bila mtu kukusudia. Mkaguzi wa magari wa polisi ataandika taarifa yake, lakini swali lake ni kama gari lilikuwa na hitilafu, mara chache kama hitilafu ya tairi ilianzia kiwandani. Ni halali kumwandikia mkuu wa kituo barua ya kuomba tairi lisitolewe wala kuuzwa hadi mtaalamu alitazame, na nakala ya barua hiyo ikagongwa mhuri wa kupokelewa. Mtaalamu anaweza kuwa mhandisi wa chuo, kwa mfano wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, na ni vyema upande wa pili ualikwe kushuhudia asije akasema tairi lilichezewa. Majeruhi naye asiondoke bila fomu ya PF3 na kumbukumbu zote za hospitali, kwani hasara ya fedha zilizotumika ni lazima itajwe kiasi chake katika madai na kuthibitishwa kwa risiti moja moja. Maumivu na ulemavu hukadiriwa na mahakama. Nauli ya kwenda kliniki haikadiriwi.

Mwenye bima kubwa, ile inayolipia hata gari lake mwenyewe, ana mtego wake wa peke yake. Kampuni ya bima ikishamlipa, huchukua mabaki ya gari na pia hurithi haki ya kumdai aliyesababisha hasara. Mabaki hayo yakiuzwa kama chuma chakavu, tairi linakwenda nayo, na dereva wa bodaboda anapoteza ushahidi wake kwa mkataba ambao hakuusaini. Mwenye gari na azungumze na kampuni yake mapema, kwa maandishi, kwamba tairi libaki.

Je, mtengenezaji mwenyewe anafikiwaje? Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimamisha uzalishaji mwaka 2009, na matairi tunayoyatumia huja kutoka nje. Kumshtaki mtengenezaji aliye ng'ambo kunahitaji ruhusa ya mahakama ya kumpelekea wito nje ya nchi, na hata hukumu ikipatikana, kuitekeleza kule ni safari nyingine. Kwa sababu hiyo mtu wa kumtafuta ni mwagizaji, aliye na ofisi na mali hapa nchini. Shirika la Viwango Tanzania lina mamlaka ya kuchunguza bidhaa iliyo chini ya kiwango na kuiondoa sokoni, na malalamiko yapelekwe huko bila kuchelewa; ila shirika hilo halitamlipa majeruhi fidia, na anayetaka kulishtaki lenyewe kwa uzembe atakutana na sharti la notisi ya siku 90 na kufungua kesi Mahakama Kuu pamoja na Mwanasheria Mkuu wa Serikali.

Malalamiko hayo yana faida nyingine ambayo haionekani haraka. Mwaka 2000 kampuni ya Firestone iliondoa sokoni nchini Marekani matairi yapatayo milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer, baada ya magamba kubanduka katika mwendo wa kasi. Mamlaka ya usalama barabarani ya huko ilihusisha matairi hayo na vifo 271. Ford ilisema tatizo ni tairi. Firestone ikasema Ford iliwashauri wateja wajaze upepo mdogo, psi 26 badala ya 30. Kilichovunja mabishano ni wingi wa taarifa zinazofanana: ajali moja inaweza kuitwa bahati mbaya, mamia ya ajali za tairi la aina moja hayawezi. Hapa kwetu taarifa hizo hazitajikusanya kama kila familia itanyamaza na msiba wake.

Muda nao una hesabu yake. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, madai ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka mitatu na madai ya mkataba ndani ya miaka sita. Miaka ya mkataba huhesabiwa tangu sharti lilipovunjwa, ambapo kwa tairi bovu ni siku ya kukabidhiwa dukani, wala si siku ya ajali. Mtoto aliyeumia huanza kuhesabiwa muda wake anapofikisha miaka 18. Kesi ya mfano wetu inaweza kufunguliwa Dodoma, kwa kuwa madhara yalitokea mkoani humu, hata kama mwagizaji yuko Dar es Salaam. Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi husikiliza madai ya fedha yasiyozidi shilingi milioni 200, na kinachopimwa ni hasara mahsusi iliyotajwa. Fidia ya jumla inayoombwa haihesabiwi. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aulize kuhusu msaada wa kisheria uliowekwa na sheria ya mwaka 2017, maana wasaidizi wa kisheria wapo hata wilayani.

Kesi ikishafunguliwa, pande zote hupelekwa kwanza kwenye usuluhishi, na nyingi huishia hapo. Mdaiwa akitoa pesa, ataleta karatasi inayosema malipo hayo ni ya mwisho na kwamba mdai hatakuwa na dai lingine kwa mtu yeyote kuhusu ajali hiyo. Maneno "mtu yeyote" yafutwe ikiwa wadaiwa wengine bado hawajalipa, na aliyevunjika mguu asisaini kabla daktari hajaeleza kama atahitaji upasuaji wa pili. Tairi lenyewe liendelee kufungiwa stoo, na karatasi yake ya namba na tarehe, hadi malipo ya mwisho yaingie na muda wa rufaa uwe umepita.